Otto Neurath, mutu mwenye alifanya hesabu zionekane kwa macho

Kwetu hapa, mutu mwenye anapaka rangi ukuta wa duka, mutu mwenye anatengeneza afishi za kampanye, na mutu mwenye anagonga tablo za shaba za kuuzisha wageni, wote tunawaita jina moja: artiste. Ule mwenye anapitisha matangazo ku radio, tunasema ni mutu wa komunikasyo. Kati yao kuko kazi ingine yenye tunaiona kila siku na hatuna jina yake mu Kiswahili. Wafaransa wanaiita grafisme. Mu 1922, Mumarekani mumoja, William Addison Dwiggins, mwenye alikuwa anapanga herufi na kutengeneza vitabu, aliita ile kazi kwa jina la Kiingereza mu gazeti moja ya Boston. Lakini mutu mwenye anatuonyesha muzuri mipaka ya ile kazi, kwa mawazo yangu, hakuwa muchoraji. Alikuwa mutu wa uchumi na musosialisti, munene, mwenye kusema kwa sauti kubwa. Kitu alipenda kuchora kwa mukono wake mwenyewe ni tembo: aliiweka mwisho wa barua zake pahali pa sinyatire. Jina yake ni Otto Neurath.

Alizaliwa ku Vienne, muji mukubwa wa Austria, tarehe 10 mwezi wa 12, mwaka 1882. Baba yake Wilhelm alikuwa anafundisha uchumi, na nyumba ilijaa vitabu. Mutoto alianza kuangalia picha mbele ya kujua kusoma vile inaomba. Zenye zilimushika zaidi ni picha za Wamisri wa zamani. Mu picha za Ulaya, mutu wa mbali anachorwa mudogo na wa karibu mukubwa, na wengine wanafichama nyuma ya wenzao. Mu picha za Misri, wafanyakazi wanapangwa kwa mustari, na unaweza kuwahesabu mumoja mumoja. Ile kitu ilikaa mu kichwa yake miaka mingi.

Alisoma ku Vienne, kisha ku Berlin kwenye alipata udaktari mu 1906. Bibi yake wa kwanza, Anna Schapire, alikufa mu 1911 kisha kuzaa mutoto wao Paul. Mu 1912 Neurath alioa Olga Hahn, mwanamuke wa matematike mwenye alikuwa kipofu. Niliposoma ile nilisimama kidogo: mutu mwenye alitumikia macho ya watu wengine alikaa miaka 25 na bibi asiyeona.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alitumika ku wizara ya vita juu ya mambo ya uchumi, na mu 1918 wakamupa kuongoza makumbusho ya uchumi wa vita ku Leipzig, Ujerumani. Mwisho wa ule mwaka, mapinduzi ilifika ku Munich. Mwaka wenye ulifuata Neurath akawekwa mukubwa wa biro ya kupanga uchumi wa jimbo ya Bavaria, na akaendelea na ile kazi hata wakati serikali ya mabaraza ya wafanyakazi ilishika utawala. Haikudumu. Waaskari waliingia, watu wengi wakauawa, yeye akahukumiwa mwaka moja na nusu. Serikali ya Austria ilimuombea, akarudishwa kwao.

Vienne ya ile wakati ilikuwa na njaa. Watu walikuwa wanakata miti ya pori pembeni ya muji juu ya kupata kuni, wanalima bustani na kujijengea tunyumba. Neurath aliingia mu shirika yao, akawa katibu. Muji wenyewe uliongozwa na wasosialisti: walilipisha matajiri kodi kubwa, na mupaka 1934 wakajenga nyumba zaidi ya 60,000 za wafanyakazi. Lakini mutu wa kawaida angejua namna gani kama ile kodi inafanya kazi? Kama watoto wanakufa kidogo kuliko zamani? Kama kifua kikuu kinashuka? Hesabu zilikuwa mu vitabu vinene vya serikali, na kitabu kama kile hakuna fundi wa chuma atakifungua kisha saa nane za kazi.

Hapo ndipo kazi yake kubwa ilizaliwa. Mu 1925 alifungua makumbusho ya jamii na uchumi ya Vienne. Feza zilitoka kwa muji, kwa masendika, kwa chama ya kutetea wafanyakazi, na kwa makesi ya kulipia wagonjwa. Ninaomba ndugu zangu wa sendika wasome ile mustari mara mbili. Mule ndani hakukuwa vitu vya kale mu vioo. Kulikuwa tablo za hesabu: vizazi na vifo, mishahara, nyumba, biashara ya dunia. Tangu mwisho wa 1927 zilitundikwa mu ukumbi wa nyumba ya muji, pahali pa watu wote.

Sheria ya kwanza ya Neurath ni nyepesi, na watu wangali wanaivunja mupaka leo. Kama unataka kuonyesha kitu kimezidi mara mbili, usikichore kikubwa mara mbili. Ukichora gunia yenye urefu mara mbili, upana nao unazidi mara mbili, na jicho linaona gunia ine. Mutu akiwaza na unene, anaona munane. Namba zote zenye kuandikwa ziko sawa, na hata hivyo umedanganywa. Njia ya Neurath ni kuchora gunia mbili, zenye ukubwa moja, zikafuatana ku mustari sawa wale Wamisri.

Siye madelege tunaijua ile mambo. Kompanyi moja, jina ninaliacha, ilitundika ku mulango tablo ya mwaka: kamyo kadogo kwa mwaka wenye ulipita, kamyo kakubwa sana kwa mwaka mupya. Uzalishaji ulikuwa umepanda kupita robo kidogo. Ku macho ilikuwa sawa umepanda mara tatu. Aksida ziliandikwa chini, kwa herufi ndogo, bila picha. Mwenye alichora pengine hakuwaza ubaya, alitaka tu tablo ipendeze. Wakati wa mazungumuzo ya mishahara, ile kamyo hatukuiona tena.

Mu biro ya Neurath, mutu mwenye kuchora hakuachiwa peke yake. Kulikuwa kazi tatu. Kwanza wenye kukusanya hesabu: watu wa uchumi, wa historia, waganga. Mwisho wachoraji. Katikati waliweka kazi yenye hakukuwa zamani, na jina walilipa ni transformation, kugeuza. Mukubwa wa ile kazi alikuwa Marie Reidemeister, binti Mujerumani mwenye alisoma matematike na fizike. Alifanya sawa transfo ya umeme: umeme wenye unatoka mbali ni mukali sana, ukiuingiza mu nyumba vile uko, utachoma kila kitu. Marie alichukua karatasi za wataalamu, anauliza: mu hizi zote, ni nini mutu anapashwa kujua? Tutalinganisha nini na nini? Tuache nini? Anachora kwa kalamu mupango, na ni kisha tu karatasi inafika ku meza ya muchoraji.

Ukiniuliza grafisme ni nini, nitakuonyesha ile meza ya katikati. Rangi na mukono ni vya musanii, habari ni ya mutu wa komunikasyo. Lakini kuamua namna gani hesabu itageuka kitu chenye jicho linaweza kushika, bila kuiongeza na bila kuipunguza, ile ni kazi ya peke yake, na iko na daraka yake.

Muchoraji mukubwa alikuwa Gerd Arntz, Mujerumani wa Remscheid, mwenye alizaliwa mu 1900. Familia yake ilikuwa na kiwanda, yeye akachagua upande wa wafanyakazi. Neurath aliona kazi zake karibu na 1926, na kisha miaka michache akamuleta ku Vienne. Arntz alikuwa anachonga mbao na kupiga chapa picha kali juu ya matajiri, waaskari, wanawake wa barabara, watu wa kiwanda. Zile alitia jina yake, na hasira yake inaonekana mu kila kona. Lakini alipokaa ku meza ya makumbusho, mukono uleule ulichonga mu linoleumu alama ndogo zisizo na jina ya mutu: mufanyakazi, mulimaji, kamyo, ngano, makaa. Mu maisha yake alitengeneza karibu 4,000. Mutu asiye na kazi alimuonyesha amesimama, mikono mu mifuko, basi. Hakumutia machozi wala nguo zenye kupasuka. Ukimurudilia mara kumi ku mustari, unaelewa. Musanii anakuomba umutazame yeye vile anaona dunia. Ile alama haikuombi kitu, inasimama pahali pa watu elfu mingi na inangojea uihesabu.

Mufano wenye mimi ninapenda ni tablo ya wafumaji wa nguo wa Uingereza, kuanzia 1820 mupaka 1880. Kila kamutu kanahesabiwa watu 10,000. Kuko wenye wanafumia nyumbani, na kuko wa kiwanda wenye rangi nyekundu. Unashuka mustari kwa mustari: wa nyumbani wanapunguka, wanapunguka, wanaisha. Wekundu wanaongezeka, lakini nguo zinaongezeka mbio kuliko wao. Hakuna neno moja juu ya mashini zenye kunyanganya watu kazi. Mutu mwenye alifanya kazi ya mina, akaona mashini moja inafika na timu nzima inatoka, hahitaji kuelezwa.

Mu 1930 walipiga chapa tablo 100 mu kitabu kimoja ku Leipzig, na jina ya Neurath ikafika mbali. Wasovyeti wakamuita aende kufundisha njia yake ku Moscou; tangu 1931 yeye na watu wake walikuwa wanasafiri kule. Hapa ninaona mupaka wa pili, ule wa propaganda. Ku Vienne, tablo zilionyesha hesabu za vitu vyenye vilikwisha kutokea. Ku Moscou, pembeni ya zile waliweka hesabu za mupango, vitu vyenye serikali iliahidi, kwa alama zilezile nzuri. Jicho halijui tofauti ya tani yenye imechimbwa na tani ya kuahidiwa. Neurath alikuwa mutu wa akili sana, na kwa maoni yangu pale alipashwa kukataa. Pengine alihitaji feza za kulipa watu wake. Siku zilikuwa zinakuwa mubaya.

Kweli zilikuwa mubaya. Mwezi wa pili 1934, serikali ya Dollfuss ilipiga mizinga mu nyumba za wafanyakazi wa Vienne. Sendika zikafungwa, chama ya wasosialisti ikakatazwa, makumbusho ikachukuliwa. Neurath alikuwa ku Moscou. Marie alimutumia telegramu yenye maneno ya kuficha, akajua asirudi. Alizunguka, akafika ku La Haye, Uholanzi, na Olga, Marie na Arntz wakamufuata. Kule, mu 1935, ile njia ilipata jina yenye inajulikana nayo mupaka leo: Isotype. Olga alikufa mu 1937.

Mwezi wa tano 1940 Wajerumani waliingia Uholanzi. Siku Rotterdam iliunguzwa na bombe, Neurath na Marie walikimbia ku bahari, wakaruka mu mutumbwi wa kuokolea watu wenye ulikuwa umejaa. Manowari ya Waingereza iliwaokota. Walipofika Uingereza, walifungwa: kwa sheria ya vita, mutu wa Austria ni adui, hata kama anakimbia Hitler. Miezi walikaa ku kambi. Walitoka mu 1941, wakaoana, wakaanza tena ku Oxford na karatasi na mikasi. Arntz alibakia La Haye. Wajerumani walimuingiza kwa lazima mu jeshi yao, na yeye akajitoa kwao ku Paris mu 1944.

Kazi ya mwisho ya Neurath ilikuwa ku Bilston, muji wa makaa na chuma katikati ya Uingereza. Watu walikuwa wanakaa mu nyumba mubaya sana juu ya udongo wenye kuchimbwachimbwa. Wakubwa wa muji walimuita mu 1945 awasaidie kupanga nyumba mupya, na kuelezea wakaaji kwa picha mbele ya kuwahamisha. Alikuwa na miaka 62, na alianza kwa furaha. Tarehe 22 mwezi wa 12 alikufa kwa gafula nyumbani ku Oxford.

Marie aliendelea. Miaka ya 1950 alifanya kazi Afrika ya mangaribi, zaidi ku Nigeria, juu ya vitabu vya kuelezea watu afya, kulima na uchaguzi. Inaomba kusema: alama za Vienne hazikutosha kule. Nyumba, nguo, namna ya kubeba muzigo, vyote vilichorwa upya, kisha kuuliza watu kama wanajitambua.

Alikufa mu 1986, Arntz mu 1988. Karatasi za Neurath na Marie ziko ku univerisite ya Reading, Uingereza, mu idara yenye kufundisha herufi na kupanga vitabu. Kazi za Arntz, zile alitia jina yake pamoja na zile alama zisizo na jina, ziko ku La Haye, mu makumbusho ya sanaa.