Marehemu Byron Kawadwa, Mtungaji wa Michezo

Wasomaji wetu, sisi tukaao Busia na Tororo tumezoea kutazama michezo ya kuigiza siku za sherehe za shule, tukacheka, kisha tukaenda zetu. Yafaa tujue habari za mtu mmoja wa Uganda ambaye mchezo wake ulimponza.

Byron Kawadwa alitunga michezo kwa Kiganda. Katika miaka ya 1960 alianzisha chama cha waigizaji kilichoitwa Kampala City Players. Jumba la Michezo la Taifa mjini Kampala, lililofunguliwa mwaka 1959, hapo mwanzo lilikuwa hasa mahali pa michezo ya Kiingereza. Kawadwa alileta lugha ya nyumbani, pamoja na nyimbo na ngoma, hata mtu asiyejua Kiingereza akaweza kuketi na kufahamu yote.

Mchezo wake uliovuma ni Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Bwana Jogoo, wa mwaka 1971. Muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Wasimulia habari za mtu mwenye tamaa atwaaye kiti cha enzi kisicho chake. Watazamaji walikumbuka mwaka 1966, Obote alipomwondoa Kabaka Mutesa wa Pili. Lakini fumbo halina mwenyewe. Idi Amin naye alikuwa ametwaa serikali kwa bunduki mwezi wa Januari 1971.

Baadaye Kawadwa alipewa uongozi wa Jumba lile la Taifa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 mchezo wake ulipelekwa Lagos, Nigeria, kwenye sherehe kuu ya sanaa za watu weusi iitwayo FESTAC. Wazee husema jogoo wa shamba hawiki mjini, huyu aliwika. Aliporudi nyumbani, watu wa Amin walimkamata, wakamwua.

Mwaka ule ule, ng'ambo ya pili ya mpaka wetu, Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila hukumu, kwa ajili ya mchezo wa Kikuyu uliochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Serikali zilikuwa mbili, bali hofu ilikuwa moja: kwamba mkulima na mchuuzi wangesikia na kuelewa.

Amin alikimbia nchi mwaka 1979. Jina la Kawadwa lingali likitajwa. Basi ninyi mtungao michezo ya shule, fikirini kama wazazi wenu waketio nyuma wataifahamu.