Bwana Fleming na Vijidudu

Alexander Fleming alizaliwa Uskoti mwaka 1881, mwana wa mkulima. Katika vita vya 1914–1918 alikuwa mganga wa jeshi huko Ufaransa, akaona askari wengi wakifa kwa majeraha yaliyooza. Basi akatafuta dawa. Mwaka 1922 alitangaza kuwa machozi yana kitu kiuacho vijidudu. Mwaka 1928, mjini London, aliona ukungu ulioota sahanini umeua vijidudu vya majipu. Humo ilitoka penisilini. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa isiyotosha huvifunza vijidudu kuishinda. Alikufa mwaka 1955, na onyo lake limetimia. Leo wataalamu hutafuta dawa mpya hata katika kinga za mwili. Nawe wa Makongolosi, umeze dawa kama mganga alivyoagiza.