Daktari Robert Laws wa Khondowe

Asimamaye pwani ya Matema akielekeza uso mashariki aiona milima ya Ukinga ikiinuka ghafula kutoka majini. Ramani zaiita milima ya Livingstone. Jina hilo ilipewa mwaka wa 1875, na katika merikebu iliyopita hapo siku zile alikuwamo kijana wa miaka 24, Robert Laws. Wengi wetu katika sharika za Rungwe, Njombe na Iringa hatumjui, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi iitwayo leo Malawi, tena hakuwa Mlutheri. Lakini mkono wake ulitufikia, kama mtakavyoona, ndugu wasomaji, mkitufuata hata mwisho.

Alizaliwa Aberdeen, nchi ya Scotland, tarehe 28 Mei 1851. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo sana. Baba yake alikuwa seremala wa vyombo vya nyumba, naye akamtia mwanawe katika kazi iyo hiyo. Mchana kijana alishika randa, usiku alishika kitabu, akaendelea hivyo hata akaingia chuo kikuu, akasoma theolojia pamoja na utabibu. Twamwomba msomaji aliangalie sana neno hili. Wako watu wakiisha kupata elimu huona haya ya nyundo waliyoishika jana. Laws hakuwa na haya hiyo kamwe, na shule yake yote ilizaliwa hapo.

Mwaka wa 1875 alisafiri na wenzake kwenda Ziwa Nyasa kwa ukumbusho wa Livingstone. Merikebu yao, Ilala, ilifunguliwa vipande vipande, ikachukuliwa na wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire, kisha ikaungwa tena. Walikaa kwanza Cape Maclear, kusini mwa ziwa. Mwaka wa 1876 Laws alimpasua mgonjwa huko kwa kumlaza kwanza kwa dawa ya usingizi, jambo lisilopata kuonekana katika nchi hizo. Lakini homa iliwaua wenzake mmoja mmoja, na makaburi yakaongezeka. Ubatizo wa kwanza, wa Albert Namalambe, ulikuwa mwaka wa 1881, baada ya miaka sita ya kazi. Mwaka uo huo walihamia Bandawe, pwani ya magharibi, kati ya Watonga waliokuwa wakishambuliwa na Wangoni.

Katika miaka hiyo ya shida Laws alijifunza jambo kwa Waafrika wanne waliokuja mwaka wa 1876 kutoka shule ya Lovedale, Afrika ya Kusini. Mmoja wao, William Koyi, alikwenda kukaa kati ya Wangoni wenyewe, akawatuliza kwa lugha waliyoielewa, akafa huko mwaka wa 1886. Huko Lovedale vijana walifundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono pamoja. Laws akatamani kuwa na shule ya namna hiyo kaskazini mwa ziwa.

Basi mwaka wa 1894 alipanda uwanda wa Khondowe, juu sana ya ziwa, penye baridi na upepo kama kwetu milimani. Hapakuwa na mji wala njia ya gari. Yeye mwenyewe alipima ardhi, akachagua mawe, akachora nyumba. Wanagenzi walifundishwa useremala, uashi, uhunzi, kazi ya mitambo, kupiga chapa, ukulima, kutunza hesabu na kupeleka habari kwa simu ya waya. Wengine walisomea ualimu, uuguzi au uchungaji, lakini hao nao hawakuachiliwa kazi ya mikono. Tena Laws alidai ada. Watu walinung'unika, kwa kuwa fedha ilikuwa adimu, naye hakulegea. Njia ilichongwa katika ukuta wa mlima, yenye kona baada ya kona. Mwaka wa 1904 maji ya mlimani yaliletwa kwa mabomba, na mwaka wa 1905 taa za umeme ziliwaka kwa nguvu za maji. Mikono iliyochimba mitaro na kulaza mabomba ilikuwa ya vijana wa vijiji vya huko, ambao baba zao walikuwa wamekimbia mikuki. Aliyewahi kuongoza shule ya ufundi shamba, mbali na duka la misumari, atajua ni taabu ya namna gani.

Fedha nyingi zilitoka kwa tajiri wa Glasgow, Lord Overtoun, na shule ikaitwa kwa jina lake. Haifai tufiche kwamba mwaka wa 1899 Keir Hardie, mtetezi wa wafanya kazi, alitangaza jinsi watu wa kiwanda cha tajiri huyo walivyochoshwa kwa saa nyingi, hata siku ya Bwana, wakiharibiwa pua na vumbi la dawa. Hivyo maskini wa Glasgow nao walijenga Khondowe, bila kuulizwa.

Matunda yalikuwa mengi, ila hayakubaki yote bustanini. Nchi yenyewe haikuwa na mishahara, na mafundi na makarani wa Khondowe walitafutwa Rhodesia, Kongo na Afrika ya Kusini. Clements Kadalie, aliyesoma huko, alianzisha chama kikubwa cha wafanya kazi Cape Town mwaka wa 1919. David Kaunda alikwenda kuhubiri Chinsali, na mwanawe Kenneth akawa rais wa kwanza wa Zambia.

Neno moja twamlaumu. Aliwaamini vijana wake kwa nguzo na mitambo mapema kuliko alivyowaamini kwa kanisa. Charles Domingo, mwanafunzi hodari, alichoka kungoja, akajitenga. Wachungaji wenyeji wa kwanza, Yesaya Zerenje Mwasi, Hezekiah Tweya na Jonathan Chirwa, waliwekewa mikono mwaka wa 1914, karibu miaka arobaini tangu Ilala ilipofika ziwani.

Mwaka huo vita vilianza. Mwezi wa Septemba majeshi ya Wajerumani kutoka upande wetu yalipigana na Waingereza huko Karonga. Mwaka wa 1916 Waingereza waliingia Tukuyu na Iringa, na wamisionari wa Berlin na wa Moravia wakaondolewa. Ndipo Kanisa Huru la Muungano la Scotland, kwa njia ya misioni ya Livingstonia aliyoiongoza Laws, lilipopewa dhamana ya sharika zao. Waskoti walikuwa wachache mno. Ibada, shule na mafundisho ya ubatizo viliendelea hasa kwa walimu wetu wenyeji, wengi wasio na mshahara, mpaka Wajerumani walipoanza kurudi mwaka wa 1925.

Bibi Margaret Laws alifariki mwaka wa 1921. Mumewe aliondoka Khondowe mwaka wa 1927, akiwa mzee wa miaka 76. Alikuwa ametamani shule iwe chuo kikuu, lakini wakuu wa Scotland hawakuikubali gharama. Alifariki mwaka wa 1934. Chuo Kikuu cha Livingstonia kilianzishwa mwaka wa 2003.