Maisha ya Moses Mendelssohn

Mwaka wa 1743 kijana wa Kiyahudi, umri wake miaka kumi na minne, mwenye kibiongo, aliuacha mji wa Dessau katika Ujerumani akashika njia ya Berlin. Alikuwa akimfuata mwalimu wake, Rabi David Fränkel. Baba yake, Mendel, alikuwa maskini, na kazi yake ilikuwa kunakili Torati kwa mkono.

Huko Berlin aliona njaa, lakini akajifunza Kijerumani, Kilatini, hesabu na falsafa. Chuo kikuu hakukiingia kamwe. Mwaka wa 1750 akawa mwalimu wa watoto wa Isaac Bernhard, mwenye kiwanda cha hariri, kisha akawa mwandishi wa hesabu zake, wala kazi ya hariri hakuiacha tena. Vitabu aliviandika baada ya kazi. Mwaka wa 1763 insha yake ilipata tuzo ya Akademia ya Berlin, na ile ya Immanuel Kant ikawa ya pili. Hata hivyo, wataalamu hao walipomchagua mwaka wa 1771 awe mwenzao, Mfalme Friedrich wa Pili hakukubali.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Lessing, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Lakini mwaka wa 1769 Lavater, mchungaji wa Zurich, alimtaka mbele ya watu wote azivunje hoja za kitabu kimoja kilichoutetea Ukristo, au abatizwe. Neno hili lilikuwa zito. Wayahudi walikaa Berlin kwa ruhusa tu. Akiupinga Ukristo hadharani angaliweza kuwaponza ndugu zake, na akinyamaza angalihesabiwa ameshindwa. Akajibu kwa upole kwamba imani yake ameichunguza miaka mingi naye amesimama imara, na ya kuwa hapendi mashindano ya dini. Lavater akaomba radhi, lakini Mendelssohn akaugua, na kwa muda mrefu hakuweza kazi ya falsafa. Sisi tufundishao wakatekumeni tulitazame sana jambo hili, maana Lavater alimpenda mtu huyu kweli, naye ndiye aliyemwumiza.

Jibu lake kamili lilikuja mwaka wa 1783, katika kitabu kiitwacho Jerusalem. Humo alifundisha kwamba serikali yaweza kumlazimisha mtu kutenda, bali dini haina fimbo. Kazi yake ni kufundisha na kuonya. Kanisa halina haki ya kumtenga mtu kwa ajili ya mawazo yake, wala sinagogi haina. Tena Myahudi apewe haki za raia pasipo kuiacha sheria ya Musa.

Miaka ile ile, 1780 hata 1783, alitoa Vitabu vitano vya Musa kwa Kijerumani, vikiandikwa kwa herufi za Kiebrania, ili vijana wajifunze lugha ya nchi katika Maandiko yao wenyewe. Marabi wengine walikasirika, wakihofu Talmudi itasahauliwa.

Alikufa Berlin tarehe 4 Januari 1786. Mjukuu wake Felix, aliyebatizwa mwaka wa 1816 akiwa mtoto, ndiye mtungaji wa uimbaji mkubwa wa habari za Mtume Paulo, ulioimbwa mara ya kwanza mwaka wa 1836.