Gaspard-Gustave Coriolis (1792–1843): Jina Lililosingiziwa Ikweta

Msafiri atokaye Isiolo kuelekea Nairobi hupita karibu na Nanyuki, mahali ambapo barabara huuvuka mstari wa Ikweta. Hapo huonyeshwa beseni lenye tundu, maji na kijiti kinachoelea. Hatua chache kaskazini mwa mstari maji huzunguka upande mmoja. Kusini huzunguka upande wa pili. Mstarini hutoka bila kuzunguka. Huambiwa kwamba hiyo ni kani ya Coriolis. Je, mwenye jina hilo alikuwa nani, na alisema nini hasa?

Gaspard-Gustave Coriolis alizaliwa Paris tarehe 21 Mei, 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi aliyekuwa mtiifu kwa Mfalme Louis wa 16, na machafuko hayo yaliifanya familia ihamie Nancy, ambako baba aligeukia shughuli za viwanda. Mwaka 1808 Coriolis alishika nafasi ya pili katika mtihani wa kuingia École Polytechnique, kisha akasomea uhandisi wa madaraja na barabara. Baba alipofariki, mzigo wa jamaa ulimwangukia kijana huyu ambaye afya yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1816 alikubali kazi ya kufundisha hisabati katika École Polytechnique.

Mwaka 1829 alichapisha kitabu kuhusu mashine. Humo alilichukua neno la kawaida la Kifaransa lenye maana ya kazi, akalipa maana ya kisayansi: kani mara umbali ambao kitu kimesogezwa kwa kuifuata kani hiyo. Maana hiyo ndiyo inayobebwa leo na neno kazi katika fizikia ya Kiswahili. Kwa mwanafunzi wa istilahi, hili ni funzo kubwa: neno la shambani na jikoni laweza kutwikwa maana mahususi pasipo kubuni neno jipya.

Mwaka 1835 alitoa kitabu cha hisabati ya mchezo wa biliadi, pamoja na makala kuhusu mwendo wa vitu ndani ya mifumo inayozunguka. Shabaha ya makala hayo ilikuwa mashine, kwa mfano magurudumu yanayoendeshwa kwa maji. Hakuyaandika kwa ajili ya pepo wala bahari. Ni wengine, hasa Mmarekani William Ferrel kuanzia mwaka 1856, walioonyesha jinsi mzunguko wa dunia unavyopinda njia ya hewa.

Hewa husukumwa kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye kanieneo ndogo. Dunia inapozunguka, hewa hiyo hupindia kulia katika nusu ya kaskazini na kushoto katika nusu ya kusini. Mbali na Ikweta, msukumo na mpindo hufikia mizani, na upepo ukavuma sambamba na mistari ya kanieneo badala ya kuikata. Isiolo iko takriban kilomita 40 tu kaskazini mwa Ikweta. Hapo kani ya Coriolis haifikii asilimia 1 ya ile ya kwenye ncha za dunia, na mizani hiyo haisimami. Ndiyo sababu kusi huweza kuuvuka mstari. Huvuma kutoka kusini mashariki, hupita mashariki mwa Kenya, kisha hupinda taratibu kuelekea kaskazini mashariki, hadi Bara Hindi. Mwaka 1969 John Findlater alichapisha maelezo ya mkondo huo wa hewa wenye kasi kubwa.

Kwa hiyo, yaonyeshwayo na beseni si kani ya Coriolis. Hatua chache kutoka Ikweta kani hiyo ni kama haipo. Maji hufuata namna yalivyomiminwa na umbo la chombo. Kani iliyoshindwa kulizungusha beseni ndiyo iliyowapeleka mabaharia wa Lamu na Mombasa ng'ambo, kwa kuwa yenyewe huhitaji masafa marefu na siku nyingi.

Coriolis alifariki Paris tarehe 19 Septemba, 1843, akiwa na umri wa miaka 51. Jina lake ni miongoni mwa majina 72 yaliyoandikwa kwenye Mnara wa Eiffel. Hivyo basi, anayetaka kumuenzi aliache beseni la Nanyuki, aufuate upepo upitao juu ya Isiolo mwezi wa Julai.