Lever na sabuni ya Sunlight: jina liliahidi nini, na kwa nani?

Katika masoko yetu bado tunaona sabuni ya kukatwa. Mama muuzaji iko na mti mrefu wa sabuni mbele yake, anapima kwa jicho, anakata kipande, anakupa. Umuulize nani aliitengeneza, atakuambia tu mahali alipoirangulia. Sabuni haina jina. Mnunuzi anamwamini mama, haamini sabuni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Uingereza wakati William Hesketh Lever alipozaliwa, tarehe 19 Septemba 1851, katika mji wa Bolton. Baba yake alikuwa muuzaji wa vyakula na vitu vya nyumba. Kijana alipofikisha miaka 16 akaingia dukani kwa baba, na kati ya kazi zake za kwanza ilikuwa ile ile ya mama zetu wa sokoni: kukata sabuni na kuifunga katika karatasi. Leo tunapenda kusimulia maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, wafanyabiashara wetu vijana wanatuuliza mara nyingi namna ya kupata marke. Ya pili, jina la huyu muzungu liliandikwa juu ya ramani ya Congo, na wakubwa wetu walilipia jina hilo kwa jasho lao.

Kutafuta jina

Lever hakuvumbua sabuni. Wala mwanzoni hakuwa na kiwanda. Alinunua kwa watengenezaji wengine na kuuza. Alichoona ni kwamba sabuni zote zilifanana kwa sababu hakuna aliyejibu kwa ajili yake. Ikiwa mbaya, mwenye duka alisema si yeye; mwenye kiwanda hakujulikana. Akafikiri: mtu akiweka jina lake juu ya kipande, hawezi tena kujificha.

Jina la kwanza alilotumia lilisifu sabuni yake kuwa safi kama asali. Lakini neno linalosifu tu ni la kila mtu; jirani naye anaweza kulisema. Basi akaenda Liverpool kwa mtaalamu wa kuandikisha majina ya biashara, akapewa orodha ya majina. Hakuna hata moja lililompendeza. Siku chache baadaye moja likaanza kumzunguka kichwani: Sunlight, mwanga wa jua. Akakimbia kurudi Liverpool kuliandikisha kabla mwingine hajalichukua. Ilikuwa mwaka 1884.

Hapo tunaona jambo ambalo wengi wanalipita. Ile jina haikusema sabuni imetengenezwa na nini. Ilisema mnunuzi anatafuta nini. Mke wa mfanyakazi wa viwandani, katika nyumba nyembamba yenye moshi wa makaa, alikuwa akifua siku nzima mikono katika maji. Aliota nguo nyeupe zikikauka juani. Lever alikuwa amepata, ndani ya neno moja, kazi ambayo biashara yake ilikuja kufanya duniani: kumpunguzia huyo mama taabu. Ni baada ya kupata jina ndipo alianza kujenga kitu kinacholifaa.

Mwaka 1885 akakodi kiwanda Warrington na ndugu yake James. Sabuni yake ilitumia zaidi mafuta ya mimea na kupunguza mafuta ya wanyama, hivyo ikatoa povu upesi. Ilikatwa tayari, ikafungwa katika karatasi yenye jina, kila kipande sawa na kingine. Karibu miaka miwili, kiwanda kikatoka tani 20 kwa juma mpaka tani 450. Lever alipiga reklame kuliko wote: matangazo kwenye kuta na magazeti, zawadi kwa wanaorudisha karatasi za sabuni, hata picha za wachoraji wakubwa alizonunua ili kuzigeuza matangazo. Aliahidi pia pauni 1,000 kwa yeyote atakayeonyesha kwamba sabuni yake imechanganywa na kitu kibaya.

Mji wenye jina la sabuni

Mwaka 1888 mke wake, Elizabeth, alichimba udongo wa kwanza mahali ambapo kiwanda kipya na kijiji vingejengwa, karibu na mto Mersey. Kijiji kikaitwa Port Sunlight. Ukifikiri vizuri ni ajabu: siku zile sabuni zilichukua majina ya miji, hapa mji ulichukua jina la sabuni. Lever aliona kwamba hawezi kuuza mwanga huku wafanyakazi wake wanaishi gizani. Akajenga nyumba nzuri zenye bustani mbele, shule, hospitali, kanisa, ukumbi. Hakugawa faida kwa pesa mkononi. Alisema kwa vitendo kwamba yeye anajua zaidi jinsi ya kuitumia. Na aliyepoteza kazi alipoteza nyumba pia. Lakini tuseme kweli: kwa wakati ule, mfanyakazi wa Uingereza alikaa pale vizuri kuliko wengi.

Jina hilo lilimfunga yeye mwenyewe. Mwaka 1906 bei ya mafuta ilipanda. Lever akapunguza uzito wa kipande, kutoka aunsi 16 mpaka 15, bila kugeuza bei. Wakati ule ule alikuwa akiungana na wenye viwanda wengine ili kushika soko. Magazeti yakamwangukia. Wanunuzi, waliozoeshwa kuamini kwamba Sunlight ni ile ile siku zote, wakasikia wamedanganywa, na mauzo yakashuka vibaya. Gazeti moja kubwa, Daily Mail, lilipita mpaka katika mashambulizi yake; Lever akalishitaki na mwaka 1907 likalipa pauni 50,000. Alishinda mahakamani, lakini muungano ulikuwa umekufa. Aunsi moja tu! Aliyetoa ahadi juu ya karatasi alipimwa kwa ile ahadi.

Mafuta ya Congo

Sasa tufike kwetu. Sabuni nyingi inataka mafuta mengi. Lever aliomba mashamba makubwa ya michikichi katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi; serikali yake ikakataa. Ubelgiji haikukataa. Ilikuwa imepokea Congo kutoka kwa Léopold II mwaka 1908, pamoja na aibu ya mpira wa damu, na ilitaka kusafisha jina lake. Muzungu wa sabuni, mwenye kijiji cha mfano, alikuwa mgeni mzuri sana.

Mkataba uliwekwa sahihi tarehe 14 Aprili 1911, na sosiete ikaitwa Huileries du Congo Belge. Ilipewa duara tano, kila moja ya kilometa 60 kutoka katikati mpaka ukingo: Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende. Humo iliruhusiwa kujichagulia mpaka hektari 750,000. Kwa upande wake iliahidi shule, hospitali, na mshahara usiopungua sentimu 25 kwa siku. Lusanga, penye mto Kwilu na Kwenge kukutana, ikapewa jina jipya: Leverville. Vituo vingine vikapata majina kama Alberta na Elisabetha. Wasomaji wetu wa Kisangani wanaijua Elisabetha kwa jina la Lokutu, chini ya mto.

Hospitali na shule zilijengwa kweli, hatukatai. Lakini ngazi hazishuki zenyewe kutoka mtini. Mkataji alipanda mchikichi mrefu kwa mshipi kiunoni, akakata mikungu. Wake na watoto wakabeba. Watu hawakuja wengi kama sosiete ilivyotaka, sababu mshahara ulikuwa mdogo na kazi ni ya hatari. Basi Leta ikasaidia. Kodi ililipwa kwa pesa taslimu, na pesa ilipatikana kwa sosiete. Machefu walibanwa watoe vijana. Aliyeacha kontra alifungwa gerezani kwa sheria. Katika miaka ya 1920, waganga na maafisa wa Leta yenyewe waliandika juu ya njaa, malazi mabaya na watu waliopelekwa kazini kwa nguvu. Jules Marchal, aliyekuwa balozi wa Ubelgiji, alikusanya baadaye hati hizo za wakoloni na kuzitoa katika kitabu, ili isisemwe kwamba ni hadithi za wazee wetu tu.

Lever mwenyewe alifika Congo, mwaka 1912 na tena mwishoni mwa 1924. Si mtu aliyekaa London akidanganywa na wakurugenzi. Alipenda kuamini kwamba analeta hapa mwanga ule ule wa Port Sunlight. Lakini Port Sunlight mfanyakazi aliweza kuondoka. Leverville aliyekimbia alifuatwa na askari. Hiyo ndiyo tofauti, na hakuna hospitali inayoifuta.

Alirudi kwao mapema 1925, akafa tarehe 7 Mei mwaka ule, na miaka 73, akiwa tayari Lord Leverhulme: jina alilotengeneza kwa kuunganisha lake na la ukoo wa mke wake. Hata hapo alijua kazi ya majina. Miaka sita baadaye bei ya mawese ikaanguka, malipo ya wakataji yakapunguzwa, kodi ikabaki. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu wakaasi. Afisa Mbelgiji Maximilien Balot aliuawa. Force Publique ikaua Wapende kwa mamia.

Kinachobaki kwetu

Sosiete yake iliungana na Waholanzi kuwa Unilever, tangu mwanzo wa 1930. Mashamba ya Congo yaliuzwa mwaka 2009. Leverville ikarudia jina lake, Lusanga. Kwa mnunuzi wa Ulaya, Sunlight ilibaki neno la usafi. Kwa mzee wa Kwilu, Lever lilikuwa jina la kazi ya nguvu. Marke moja, maana mbili, na zote mbili ni za kweli.

Kwa hiyo kijana anayefungua butiki, izini ndogo ya sabuni ao ya maji, akituuliza juu ya marke, hatumtumi kwanza kwa mchoraji wa pano. Afanye kama Lever alivyofanya vizuri: aulize ni taabu gani ya mnunuzi anataka kuondoa, kisha uzito na ubora vifuate jina. Halafu aulize lile ambalo Lever hakuliuliza mpaka mwisho: huyu anayenitolea mafuta, anayenibebea mizigo, anayeosha chupa zangu usiku, akisoma jina langu kwenye ukuta, analisoma namna gani? Mama wa Bolton alipewa jibu la swali lake mwaka 1884. Mkataji wa ngazi wa Lusanga hakuulizwa.