Herman Hollerith, fundi aliyeifundisha mashine kazi ya karani

Siku hizi serikali nyingi zinazungumzia akili bandia, yaani programu za kompyuta zinazoweza kusoma fomu, kupanga maombi na kuonyesha penye makosa, ili mwananchi asingoje cheti au hati yake kwa miezi. Lakini wazo la kuipa mashine kazi ya karani si geni. Lilijaribiwa kwa nchi nzima zaidi ya miaka 130 iliyopita huko Marekani, na aliyelifanikisha ni Herman Hollerith.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1879, akiwa na miaka 19 tu, alihitimu uhandisi wa madini katika Chuo cha Columbia. Mmoja wa walimu wake alikuwa na kazi katika ofisi ya sensa mjini Washington, akamchukua kijana huyo aende naye.

Huko alikuta mlima wa karatasi. Sensa ya 1880 ilihesabu watu wapatao milioni 50, na kila mmoja alikuwa na mstari wake kwenye fomu. Makarani walisoma mstari baada ya mstari, wakachora vijistari kwenye karatasi nyingine, kisha wakavijumlisha. Wakimaliza kuhesabu wanaume na wanawake, walirudi mwanzo kuhesabu waliozaliwa nje ya nchi. Kisha wakarudi tena kuhesabu kazi za watu. Kuchambua yote kulichukua kama miaka 8. Kwa Marekani hili si suala la takwimu peke yake: Katiba inataka watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10, na majimbo hugawiwa viti vya Baraza la Wawakilishi kwa hesabu hiyo. Kwa jinsi idadi ya watu ilivyokuwa ikiongezeka, ilionekana sensa moja ingeweza kuikuta nyingine bado iko mezani.

Daktari John Shaw Billings, aliyesimamia takwimu za vifo, alimdokezea Hollerith kwamba pengine mashine ingeweza kuifanya kazi hiyo. Hollerith alianza na utepe mrefu wa karatasi uliotobolewa. Haukufaa, kwa sababu ukimtafuta mtu mmoja ilibidi uzungushe utepe mzima. Jibu alilipata kwenye treni. Makondakta wa wakati huo walitoboa tiketi mahali maalumu kuonyesha sura ya abiria, kwa mfano rangi ya nywele au macho, ili tiketi isitumiwe na mtu mwingine. Hollerith akaamua: kila mtu awe na kadi yake, na kila tundu liwe na maana yake.

Mashine ilifanya kazi hivi. Karani aliweka kadi chini ya fremu yenye sindano nyingi, akaivuta chini. Pasipo na tundu, sindano ilizuiwa na kadi. Penye tundu, ilipita na kugusa kikombe kidogo cha zebaki, umeme ukapita, na mshale kwenye saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Kwa mvuto mmoja, umri, jinsia na kazi vilihesabiwa pamoja.

Mwaka 1888 ofisi ya sensa iliandaa shindano la watu watatu, kwa kutumia fomu halisi za sehemu ya mji wa St. Louis. Kujumlisha kulimchukua Hollerith saa 5 na nusu. Aliyemfuata alitumia zaidi ya saa 44. Akapewa kazi ya sensa ya 1890, na jumla ya kwanza ya wakazi wa nchi ilitangazwa baada ya wiki chache: watu 62,622,250.

Wengi hawakuamini. Walitarajia idadi kubwa zaidi, na magazeti yakailaumu ofisi. Lakini mashine haikumtembelea mtu nyumbani. Ilihesabu kadi, kadi zilitobolewa na makarani, na makarani walifuata alichoandika mhesabuji mlangoni. Aliyerukwa mlangoni hakuwa na kadi. Na makarani wenyewe, wengi wao wanawake, walichoka. Inasimuliwa kwamba wengine walinyonya zebaki kutoka kwenye vikombe ili mashine isimame nao wapate kupumzika!

Hollerith hakuziuza mashine zake; alizikodisha. Hapo ndipo palipozuka ugomvi, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu ya maisha yake inayostahili kutazamwa zaidi na serikali za leo. Mkuu mpya wa sensa, Simon North, aliona kodi ni kubwa mno, na Hollerith, mtu mgumu na mwenye hasira, hakutaka kushusha. Mwaka 1905 waliachana. Ofisi ikabaki na karatasi bila mashine, ikaajiri mafundi wake na kutengeneza za kwake kwa ajili ya sensa ya 1910. Hollerith alikwenda mahakamani kuizuia, akashindwa.

Hakuanguka, maana kampuni za reli na bima zilikwisha kuanza kutumia kadi zake, na Urusi ilizitumia kwa sensa yake ya 1897. Mwaka 1911 aliuza kampuni yake, ikaunganishwa na nyingine, na mwaka 1924 kampuni hiyo ikaitwa IBM. Yeye alirudi kwenye shamba lake, akafuga ng'ombe. Alifariki mjini Washington tarehe 17 Novemba 1929.

Fomu za sensa ya 1890 zenyewe hazikudumu. Moto uliozuka katika jengo la serikali mjini Washington mwaka 1921 uliziharibu nyingi mno, na zilizobaki karibu zote zikatupwa baadaye. Wamarekani wanaotafuta majina ya mababu zao wa miaka hiyo hukuta jumla ziko vitabuni, lakini majina hayapo.